Karavani ya mtumba kwa familia ya watu watano: nilichonunua, nilipopigwa, na vile tulivyolala Masaka

Acha nianze na mama mkwe, kwa sababu bila yeye hii karavani, yaani nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, nisingeinunua. Bibi yangu, yaani mke wangu, ni Muganda wa upande wa Masaka, mi nimezaliwa kambini, mzee wangu alikuwa askari kutoka West Nile na Kiswahili ndio lugha tuliyokulia nayo. Sasa kwa Baganda kuna kitu kinaitwa obuko. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakaribiani, na kulala chini ya bati moja ndio usiseme kabisa, wanasema mikono itaanza kutetemeka na haitaacha. Cheka tu, lakini jaribu kumwambia mama wa watu kwamba wewe huamini hayo, utaona. Kwa hiyo kila Krismasi wengine wote wanalala nyumbani, mi nabeba begi naenda lodji ya mjini, watoto wakiona baba anaenda lodji nao wanataka lodji, bibi naye hawezi kubaki peke yake, mwisho wa siku tunalipa vyumba 2 kwa siku 6 na lodji za Desemba hazijui huruma.

Nilichotaka ni kitanda changu mwenyewe, kwenye uwanja wa mama mkwe, lakini si chini ya bati lake. Nikamtuma shemeji akaulize wazee, wakacheka sana, wakasema nyumba yenye magurudumu ni nyumba ya mwenye magurudumu. Basi, ruhusa nikawa nayo. Pesa ikatoka Sako ya kazini, chama chetu cha akiba na mikopo, milioni 15, na ndani ya hiyo 15 kila kitu kilitakiwa kiingie, karavani yenyewe, tairi, tobaa (chuma cha kuvutia kinachofungwa nyuma ya gari), karatasi. Ikumbuke hiyo namba nitairudia.

Uganda hatuna soko la karavani kama la magari, huwezi ukaenda bondi, yadi ya magari ya mtumba, ukakuta zimepangwa kama Premio. Zinatoka kwa wazungu wanaorudi kwao, kwa mishonari, kwa makampuni ya barabara yaliyokuwa yanazitumia kama ofisi ya saiti, na chache kuna mtu aliziingiza mwenyewe kutoka Uingereza. Za Uingereza zinatufaa kwa mambo mawili ambayo mwanzo sikuyafikiria: wao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango unafungukia pembeni mwa barabara na si katikati ya malori, halafu plagi zao ni zilezile za pini tatu, umeme uleule, hununui adapta yoyote. Ubaya wake zilitengenezwa kwa lami. Za Afrika Kusini ndio ngumu, ziko juu juu, zinavumilia vumbi na mawe, lakini bei nilizotajiwa nilisema asante sebo nikatoka.

Niliangalia tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenye yadi moja barabara ya Jinja, jina siitaji. Bibi alipoingia akaona jiko, sinki, kabati, pazia za maua, akasema ni hii hii, na mi mwenyewe nilikuwa karibu kutoa advansi. Aliyeniokoa ni jamaa mmoja fundi wa bodi za mabasi niliyemwomba anisindikize, malipo yake rolekisi mbili, chapati za kukunjia mayai, na soda. Huyu mtu hakuangalia jiko hata kidogo. Alifunga madirisha yote, akafunga mlango, akasema tungoje. Jua la saa saba linachoma, tukakaa nje kama dakika 15 yeye anakula rolekisi yake taratibu, muuzaji anatutazama tu. Halafu akafungua mlango akaniambia ingiza kichwa, usiingie, kichwa tu, nusa. Nikanusa. Harufu ya godoro lililonyeshewa likaanikwa likanyeshewa tena. Muuzaji akasema ah hiyo ni kwa sababu imefungwa muda mrefu, na mi wakati huo naona kabatini wametundika vile vipande vya manukato vya gari, vinne, vinne jamani kwenye chumba kimoja.

Hapo ndipo nilipojifunza kinachoua hivi vitu, na ni maji, si injini maana haina, si kilomita. Ukuta wa hizi za zamani ni kama sandwichi, nje bati jembamba la alumini, katikati povu na fremu ya mbao nyembamba kama za kiti, ndani plaiwudi iliyobandikwa karatasi ya rangi. Zile kona na kingo za madirisha zimezibwa na gundi laini ambayo baada ya miaka inakauka inapasuka, maji yanaingia na hayana pa kutokea, yanakaa mle yanakula mbao pole pole na ukiwa nje unaona bati linang'aa vizuri tu. Fundi wangu alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, chini ya kila dirisha, kona zote nne, ndani ya kabati za juu pale mwisho ambapo hakuna anayeangalia. Ukuta mzima unakurudisha. Uliooza kidole kinazama kama umebonyeza mkate. Ile ya kwanza kona ya mbele ilizama mpaka nikaogopa kidole kitatokea nje.

Kuna kipimo maalum cha unyevu wa ukuta, chini ya asilimia 15 uko salama, ukifika 20 na kitu anza kuuliza maswali, ikipita hapo sana ni pesa ya matengenezo inakuita. Mi sikukipata. Rafiki yangu mmoja ananunua kahawa huko Masaka akaja na kipimo chake cha kahawa tukajaribu kukiwekea ukuta, tulicheka mpaka machozi, kile ni cha mbegu bwana, kina kikombe. Kidole gumba na pua vilitosha.

Ya pili niliacha kwa sababu ya sakafu. Ukitembea inacheza, inalia kre kre, na pale mbele ya sinki inabonyea kama unakanyaga sponji. Dakika tano tukaondoka.

Ya tatu ndio hii. Ilikuwa ofisi ya mainjinia kwenye saiti ya barabara, vitanda vya watu watano, viwili vya kupandana nyuma kwa watoto, kimoja cha watu wawili kinachotengenezwa na viti vya mbele, na meza ya katikati inashushwa inakuwa kitanda cha mtu wa tano. Dalali alitaka milioni 14. Kona ya nyuma kushoto kulikuwa na unyevu, eneo kama la sinia ya pilau, hapakuoza bado ila palikuwa laini, na hapo ndio niliposhikia bei. Kila aliposema kitchen nikasema kona. Tukaishia 11.5.

Dalali namkatia nyota 2 kati ya 5, nieleze kwa nini si 1 na si 4. Karatasi zilikuwa safi, hilo nampa. Trela nayo ina logibuku yake na namba yake kama gari, usikubali mtu akuambie hii haina injini haihitaji. Na zile za Uingereza kuanzia 1992 zina namba ya herufi na tarakimu 17 iliyochongwa kwenye vioo vya madirisha, na ileile iko kwenye chesisi, nilizunguka kioo kimoja kimoja na tochi nikalinganisha zote zikawa sawa. Ukikuta vioo vimekwaruzwa pale kwenye namba, aga uende. Alichonikosea ni mambo mawili. La kwanza tairi. Akasema tairi mpya angalia kashata zake, na kweli kashata zilikuwa ndefu kama za kiwandani. Lakini tairi ya karavani haifi kwa kutembea, inafia palepale imesimama, kwa miaka na jua. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne kwenye kiduara, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, yangu ilisoma 0809, yaani wiki ya 8 ya 2009, ukikunja shingo ukaangalia upande wa ndani ambao hauoshwi unaona nyufa zimejipanga kama kisigino. Watu wanashauri ubadilishe kati ya miaka 5 na 7 hata kama inaonekana mpya. Bahati nzuri saizi ilikuwa 185R14C, ambayo magari madogo ya mizigo hapa yanaitumia, sikuhangaika kutafuta, mbili laki 7.

La pili ndio lilinikasirisha kweli. Kile kiboksi cha mbele cha mitungi ya gesi kina matundu chini sakafuni. Matundu hayo si ubovu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, kwa hiyo wametoboa chini itoke iende zake. Jamaa kuona panya wanaingia humo akapigilia kipande cha bati akaziba yote! Halafu ndani ya karavani kuna tundu lingine chini ya jiko nalo limezibwa na tambara. Nikimuuliza ananiambia mzee panya ni wasumbufu. Sawa panya ni wasumbufu lakini na sisi tuna watoto watatu wanaolala humo. Nikatoa bati nikaweka waya wa kuku mdogo mdogo, panya hapiti gesi inapita. Mpira wa gesi nikatupa, regiuleta ya kule haikuingia kwenye mtungi wa hapa, nikanunua ya hapa na mpira mpya na tukapima kila kiungo na povu la sabuni, laki na nusu ikaenda na sijuti hata shilingi.

Sasa mafundi. Hapa makosa mengine ni yangu. Ile kona nilimpa fundi mmoja mtaani kwetu Kireka, pembeni ya Kampala, akaja na bomba la silikoni ya bafuni akapaka juu ya gundi ya zamani, kazi ya nusu saa, laki 2, ikawa inapendeza kama keki. Mvua za Oktoba zilipokuja nikaamka usiku nikaenda na tochi, maji yanatiririka kwa ndani kama hakuna kilichofanyika, kumbe silikoni haikushika kwenye gundi kuukuu, maji yakapita chini yake. Nikarudi kwa yule wa mabasi. Yeye alifungua skurubu zote za ule ukanda wa alumini wa kona, moja moja, nyingine zimeliwa na kutu zikakatika, akakwangua gundi yote ya zamani mpaka bati likabaki tupu, akakata kile kipande cha plaiwudi laini kwa ndani, akaacha wazi wiki nzima na feni inapuliza pakauke, akabadilisha mbao moja urefu wa mkono, ndio akarudishia na gundi laini ile inayobaki laini muda mrefu na skurubu mpya. Milioni 1.1. Mvua za Novemba zilikuja kubwa kuliko za Oktoba na hakuna tone. Kwa hiyo ile laki 2 niliitupa mwenyewe kwa kutafuta rahisi.

Tobaa nilitengenezewa Katwe, chuma kizuri, kizito, welding safi, mafundi wa Katwe wakikuambia kitu kitashika kitashika. Tatizo likawa kile kimpira, ile tufe ya chuma inayoshikwa na mdomo wa karavani. Wakaniwekea cha inchi 2, mdomo wa karavani ni wa milimita 50. Unasema si ni sawa? Inchi 2 ni milimita 50.8. Hiyo pointi 8 ilitufanya tusimame pale nusu saa watu watatu wanaruka juu ya chuma ifunge, haikufunga. Ikafunga nyundo ilipoingia, nikasema hapana, kitu cha kubeba watoto hakifungwi kwa nyundo, tukatafuta kimpira cha 50 ikasema klak yenyewe. Watoto hawapandi ndani ya karavani ikitembea, hilo lieleweke, nimesema kubeba watoto kwa maana ya magodoro yao.

Na waya. Soketi ya zamani ya Uingereza ina pini 7 na rangi zina maana, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ni ethi, kahawia na nyeusi ni taa za nyuma kila upande wake, bluu ni ya ukungu. Fundi umeme alisema anajua. Siku ya kwanza naingia barabarani nawasha kushoto boda zote zinakimbilia kushoto kunipita, kumbe kwa nyuma inawaka kulia. Trafiki mmoja akanisimamisha, afande mzuri sana tulipoanza kuongea Kiswahili, akacheka akaniambia wewe unadanganya watu na taa za serikali. Nikabadilisha waya mbili palepale pembeni kwa bisibisi yake.

Mira nazo, vile vioo vya pembeni. Gari ni Prado ya kitambo, lakini karavani ni pana kuliko yenyewe, mira za kawaida unaona ukuta tu. Zile za kuongezea kutoka nje ni ghali, fundi akachukua mira mbili za boda akazichomelea mikono mirefu tukafunga kwa klempu. Zinatetemeka kidogo ukipita 60, unaona magari mawili mawili nyuma, lakini unaona.

Geti la nyumbani sitalizungumza sana kwa sababu bibi alinionya. Nilipima upana wa geti, nikasahau kupima kona ya njia. Vijana wa stage ya boda sita waliisukuma kwa mikono, elfu 60 kila ikiingia na kutoka. Hiyo ni gharama ya kudumu, iandike.

Rivasi nilijifunzia uwanja wa mpira Jumapili asubuhi. Kila unachojua kinageuka, unakata kulia inakwenda kushoto. Ujanja niliofundishwa: shika usukani kwa chini, pale ilipo namba 6 kwenye saa ya ukutani, halafu mkono upeleke upande unaotaka nyuma ya karavani iende. Baada ya hapo niliacha kufikiria nikawa nafuata mkono.

Safari yenyewe. Kireka mpaka Masaka unavuka mji wote, unatokea Busega, halafu ni kama kilomita 130 hivi za barabara, nilitumia saa tano na kitu pamoja na kusimama Kayabwe pale kwenye ikweta watoto wapige picha, na Lukaya kununua nyama ya kuchoma. Sikupita 70. Prado ilikunywa dizeli kama imerudi kutoka jangwani, kawaida napata kilomita 10 kwa lita, siku hiyo 7. Matuta ndio adui. Ukipita tuta kwa haraka lile gurudumu dogo la mbele linagonga chini, mi nilisahau kulipandisha mpaka juu, upande wa Mpigi tuta moja likalikunja kama kijiko. Na ile marram ya mwisho ya kilomita 9 kuingia kijijini, eh, tulipofungua mlango kabati tatu zilikuwa wazi, sukari iko kitandani, skurubu ziko sakafuni kama zimepandwa. Zile skurubu ndogo zinafunguka kwa mtikisiko, sasa natembea na bisibisi na gundi.

Lakini usiku ule wa kwanza, banange. Tuliiweka pembeni ya migomba, nikainyoosha kwa kipimo cha fundi kwa sababu friji ya gesi haipoi vizuri ikiinama, nikashusha miguu minne ya kona, chini yake mawe bapa. Mawe, si mbao, ukiweka mbao kule mchwa wanapanda wiki moja wako ndani ya sakafu. Watoto wakagombania kitanda cha juu. Nikalala kwenye boma la mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu nioe, miaka 14, namsikia anakohoa ndani kwake na hakuna bati linalotuunganisha.

Mama mwenyewe hakuja karibu siku mbili. Alikuwa anatuma matoke kwa mtoto. Siku ya tatu nimeenda senta kununua yunits za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu tulichomeka waya kwake na watoto na birika la umeme walikula yunits zake zote na alilalamika kwa bibi kwa heshima sana, nikarudi nikaona mlango wa karavani uko wazi na gomesi ya bluu, lile gauni la wamama wa Kiganda, iko ndani. Nikasimama mbali nyuma ya mti wa kahawa kama mwizi nasubiri. Bibi aliniambia baadaye kwamba mama alifungua kila kabati, akawasha bomba, akazima, akawasha tena, akauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, akabonyeza godoro, kisha akauliza choo kiko wapi. Alipoonyeshwa akasema, ndani? Akatoka.

Kurudi ndiko kulikotaka kunimaliza. Huwezi ukaondoka Masaka mikono mitupu, mama alituandalia mikungu 7 ya matoke, fenesi 2, magunia mawili ya viazi na kuku wawili. Vijana wakapakia wakati mi naaga wazee. Wakaweka wapi? Nyuma kabisa, kwenye vitanda vya watoto, kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Tulipopita Lukaya kwenye ile barabara tambarare ya matope ya Katonga, basi likanipita kwa kasi, karavani ikaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kulia kushoto, halafu zaidi, halafu Prado nzima inavutwa nyuma kama ng'ombe ameshikwa mkia. Nilikuwa kwenye 75. Mzee mmoja dereva wa trela aliwahi kuniambia ikianza hivyo usikanyage breki na usipigane na usukani, toa tu mguu kwenye mafuta shika moja kwa moja, nikafanya hivyo huku nimebana meno, ikatulia.

Nikasimama. Kosa ni uzito. Pembeni ya mlango kuna kibati kinasema karavani tupu ni kilo 1,080 na mwisho wake 1,300, yaani una kilo 220 tu za magodoro, maji, gesi, nguo na matoke. Mkungu mmoja mkubwa kilo 25, piga mara 7 uko 175 kabla hujahesabu viazi. Na ule uzito kukaa nyuma ya magurudumu unainua pua. Pua inatakiwa ikandamize kile kimpira kwa asilimia kama 5 mpaka 7 ya uzito wote, kwangu ni kilo 65 mpaka 90, mi pua yangu siku hiyo mtoto angeinyanyua. Tukahamisha mikungu minne na viazi kwenye Prado, mitatu tukaiweka sakafuni juu kabisa ya ekseli, kuku wakakaa miguuni kwa binti yangu mkubwa ambaye hakufurahi. Ikaenda kama kitu kingine. Karavani hapo haina kosa lolote, ni mi.

Basi hesabu. 11.5 ya kununua, tairi laki 7, tobaa laki 6, kona milioni 1.3 pamoja na ile laki 2 ya ujinga, beringi na breki laki 4 na usikwepe hii, grisi ilikuwa imekuwa unga, halafu godoro na vitambaa vipya elfu 480, gesi elfu 150, waya na mira elfu 180, karatasi na kuhamisha jina karibu laki 5. Jumla inagonga 15.8. Nilipitisha bajeti kwa laki 8 na bibi analijua hilo. Ukiwa na milioni 15 nunua kitu cha 10. Na usimwambie mtu ati unaokoa hela ya lodji, nilipiga hiyo hesabu, lodji ya Krismasi ilikuwa milioni 1.2, ingenichukua zaidi ya miaka 13 kurudisha bila kuhesabu dizeli wala vijana wa boda. Ukinunua, nunua kwa sababu unataka kulala pale.

Karavani yenyewe nyota 4. Ile moja nimeitoa kwa choo, kile kisanduku cha kuvuta na kwenda kumwaga ni kazi ya mtu mzima asiyekula bado, na kwa kuwa iko chini sana kwa barabara zetu.

Pasaka tulirudi nayo Masaka, matoke yakiwa kwenye Prado safari hii. Kulikuwa na kwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, ya babu mwezi uliofuata, mama akatuma neno kupitia bibi kwamba si lazima tuirudishe Kireka, dada yake anakuja kutoka Rakai na mgongo wake hauwezi mkeka. Nikaiacha, ila nilikataa wasiihamishe chini ya mfenesi. Mpaka leo iko kule, mi nalipa Sako, na jana jioni simu ya bibi ililia, alikuwa mama, anauliza kile kisanduku cha choo kinavutwa upande gani.